Tusiwafukuze wacheza karata, tuwafukuze wacheza kamari

KWA muda sasa yamekuwa yakisikika maneno hapa Oruchinga, na hata kwa wenzetu wa Nakivale, kwamba mikusanyiko ya karata majumbani ipigwe marufuku. Wanaosema hivyo si watu wabaya. Wengine ni wazee wa kanisa, wengine ni viongozi wa msikiti, na wengine ni akina mama waliochoka kuona fedha ya chakula ikiishia kwenye mkeka.

Hoja yao ni nyepesi kueleweka. Karata ni kamari, kamari huleta njaa, njaa huleta ugomvi. Basi, wanasema, karata zichomwe moto na watu washike jembe.

Mimi ni mmoja wa wanaopokea wageni wa karata nyumbani kila wiki, na nimefanya hivyo tangu mwaka 2016. Naomba nafasi katika ukurasa huu nieleze kwa nini naunga mkono nusu ya hoja hiyo na kuipinga nusu nyingine.

Kwa msomaji asiyepafahamu kwetu, Oruchinga na Nakivale ni makazi mawili ya wakimbizi katika wilaya ya Isingiro, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Mbarara, kusini magharibi mwa Uganda, jirani na mpaka wa Tanzania. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, Wanyarwanda walipokimbia machafuko ya kwao.

Leo Nakivale ni makubwa mno, yana Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Oruchinga ni madogo. Kwa sababu ya udogo huo watu hufahamiana haraka, na hukosana haraka vilevile.

Katika mahali kama hapa, mtu akiniuliza ni kazi gani ngumu kuliko zote, sitamwambia kulima wala kuchota maji. Nitamwambia ni kuwafanya watu kumi na wawili wakutane mahali pamoja, siku ile ile, saa ile ile, wiki baada ya wiki, bila mtu yeyote kuwalipa.

Nasema bila kulipwa kwa sababu sote tunajua mikutano ya huku ilivyo. Semina ikitangazwa, swali la kwanza ni kama kuna soda na nauli. Kama zipo, ukumbi unajaa. Mradi ukiisha na nauli ikaisha, ukumbi unabaki na viti. Silaumu watu kwa hilo. Mtu mwenye njaa hawezi kuacha kibarua chake aende kusikiliza maneno matupu.

Lakini karata zetu hazina posho, na watu wanakuja. Kwa nini wanakuja? Na je, kwa nini karata za wengine huanza kwa kishindo na kufa baada ya miezi miwili? Nadhani majibu ya maswali haya mawili ndiyo yanayotenganisha karata na kamari.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe. Tunacheza zaidi Matatu, mchezo wa karata unaopendwa kote Uganda, ambao jina lake ni la Kiswahili. Kila mchezaji hupewa karata saba. Karata moja hufunuliwa na kuwekwa chini ya zilizobaki, na saba ya aina hiyo ndiyo inayoweza kukata mchezo. Mbili humfanya mwenzako aokote karata mbili, nane humruka, na asi, ambayo watu wa pwani huiita ree, hubadilisha aina.

Mara nyingi Matatu huchezwa na watu wawili, kwa hiyo tunatandika mikeka kadhaa na anayeshindwa humpisha anayesubiri. Wasomali wetu wametufundisha michezo yao ya turub, yaani karata kwa lugha yao. Siku nyingine tunacheza ya turufu, wawili kwa wawili.

Lugha ya mkeka ni Kiswahili. Kopa, uru, shupaza na pau ni maneno ambayo Kiswahili kiliyachukua kwa Wareno zamani, kama lilivyo neno karata lenyewe, na sasa yanatamkwa na Mrundi, Msomali na Munyankole wanaokaa mkeka mmoja. Mwenyeji mmoja anayetoka upande wa Kajaho alipoanza kuja hakujua Kiswahili zaidi ya salamu. Alijifunza kuhesabu kwanza, kisha kutaniana, na mwishoni kugombana. Leo anagombana kwa Kiswahili sanifu kuliko mimi.

Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai mwaka 2022. Ni jambo jema. Lakini wanaosubiri walimu na vitabu wafahamu kwamba mkeka nao umefundisha wengi.

Sasa nije kwenye mahudhurio. Siku ya kukutana ndiyo jambo la kwanza. Ijumaa ni ya msikiti. Jumamosi ni ya Waadventista. Jumapili ni ya makanisa mengine yote, na katikati kuna mazoezi ya kwaya. Sisi tulichagua Jumatano, saa kumi jioni hadi saa kumi na mbili, ili kila mtu afike kwake kabla ya giza. Tulikubaliana kwamba siku ya mgao wa chakula au ya fedha za mgao hakuna karata kabisa. Mvua zinapoanza mwezi Machi na mwezi Septemba tunaanza saa moja baadaye, kwa sababu shamba halisubiri.

Siku ikishawekwa isihamishwe. Nimeona vikundi vingi vikifa kwa huruma ya mwenye nyumba. Mmoja anasema Jumatano hataweza, basi tunahamia Alhamisi. Wiki ijayo mwingine anasema Alhamisi hawezi. Baada ya mwezi hakuna anayejua siku, na asiyejua siku haji.

Jambo la pili ni kuanza kwa wakati hata mkiwa watatu. Ukiwasubiri waliochelewa unawaadhibu waliowahi, na wiki ijayo waliowahi watachelewa.

La tatu ni hesabu. Ukitaka watu wanane mkekani, usialike wanane. Mmoja ataugua, mwingine ataitwa kibaruani, wa tatu atafiwa. Sisi tuko kumi na wawili kwenye orodha, na kwa kawaida wanafika saba au wanane. Jumanne jioni napiga simu au nabipu, na kila mtu anajua kwamba kubipu kwangu Jumanne maana yake ni "kesho".

La nne ni sheria. Je, mbili juu ya mbili inaongezeka au haiongezeki? Je, mtu anaruhusiwa kukata mchezo kabla kila mmoja hajacheza? Mtu wa Bukavu atajibu hivi, mtu wa Bujumbura vile, na wa Mbarara atawacheka wote wawili. Vikundi vimevunjika kwa maswali haya kuliko kwa wizi. Ndiyo maana sheria zetu zimeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, na hazibadilishwi mchezo ukiendelea.

Hayo manne ni ya kawaida. Mtu yeyote mwenye busara atayafikia baada ya miezi michache. Lakini liko la tano, ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloamua kama mkusanyiko utaishi au utakufa. Nalo ni aibu ya mfuko mtupu.

Watu wakiacha kuja husema wana kazi nyingi. Mara nyingi si kweli. Ukweli ni kwamba mtu alipoteza shilingi elfu tano wiki iliyopita, hana nyingine, na hataki kukaa mbele ya wenzake akiwa hana kitu. Waswahili husema mkono mtupu haulambwi. Mtu huyo analijua neno hilo, kwa hiyo anabaki kwake.

Wiki hii amebaki yeye. Wiki ijayo atabaki mwingine. Mshindi ambaye anachukua fedha za wote hatambui kwamba anajiondolea watu wa kucheza nao. Mwishoni anabaki mkekani na mtu mmoja, naye ni yule mwenye fedha na hasira.

Jambo hili si la Oruchinga peke yake. Tuchukue mchezo wa poka, ambao Wamarekani huucheza majumbani mwao na ambao hapa kwetu unachezwa zaidi kwenye kasino za Kampala. Mwaka 2003 mhasibu mmoja wa Tennessee, Chris Moneymaker, alishinda dola milioni 2.5 katika mashindano makubwa ya poka mjini Las Vegas, baada ya kupata nafasi kupitia mchezo wa intaneti wenye kiingilio kisichofika dola 100. Dunia ikapata wazimu wa poka. Kila mtu akamtazama yeye.

Lakini walioingia kwenye mashindano yale walikuwa watu 839. Ina maana wenzake 838 hawakuwa mabingwa, na hao ndio wengi wetu tunaofanana nao. Kasino haijali kama hao watarudi, kwa sababu kesho watakuja wengine. Mwenye nyumba hana wengine. Ana majirani wale wale. Anayeshindwa leo asipoweza kurudi wiki ijayo, mchezo umekwisha.

Hii ndiyo sababu mkekani kwetu hakuna fedha. Kete zetu ni punje za mahindi. Kila mtu anaanza na punje ishirini, na mwisho wa jioni punje zote zinarudi kwenye kopo, tajiri na maskini wakatoka sawa. Mshindi anaandikwa kwenye daftari. Aliyeshika mkia anaosha vikombe. Nimeona watu wazima wakipigania kutoosha vikombe kwa nguvu ambayo fedha isingeweza kuleta.

Mchango wa chai ni shilingi mia tano. Asiye na shilingi mia tano analeta kuni mbili au dumu la maji. Asiye na kuni wala maji anakuja hivyo hivyo. Kopo la mchango lina tundu juu na hukaa karibu na mlango, na mtu hupitisha mkono hapo akiingia. Nani ametia na nani hakutia, hakuna anayejua, na mimi mwenye nyumba ni mwiko kuuliza.

Je, wako wanaotumia vibaya nafasi hiyo? Wapo, na chai bado haijakosekana. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Wengine wameniambia kwamba bila faini watu hawawezi kuja. Wananitolea mfano wa vikundi vya akiba. Ni mfano mzuri, naomba tuutazame.

Karibu kila taifa lililoko Isingiro lilikuja na desturi ya watu kukutana nyumbani kwa mtu, kuchanga, na kupeana kwa zamu. Wakongo wanaiita likelemba. Wanyarwanda wana ikimina. Wasomali wanaiita ayuuto au hagbad, na Waethiopia wana ikub. Watanzania wana upatu, na Wakenya wana vyama vyao. Tena kuna vikundi vya kuweka na kukopa vya mtindo ambao shirika la CARE liliuanzisha nchini Niger mwaka 1991 na ambao umeenea Afrika nzima, wenye sanduku la kufuli tatu na watu watatu tofauti wa kushika funguo.

Katika vikundi hivi mchelewaji hutozwa faini, na asiyefika hutozwa zaidi. Inafanya kazi vizuri. Lakini inafanya kazi kwa sababu ndani ya sanduku kuna fedha ya mwanachama mwenyewe. Asipokuja, anajipoteza mwenyewe. Faini inamkumbusha tu kile ambacho tayari anakitaka.

Kwenye karata hakuna sanduku. Ukimtoza faini asiyekuja, unamwongezea deni mtu ambaye alishindwa kuja kwa sababu hana fedha. Hatarudi kamwe. Atapita njia nyingine ili asikutane na wewe.

Sisi tukageuza utaratibu huo. Asiyefika mara mbili bila taarifa hatozwi, anatembelewa. Watu wawili wa kikundi wanakwenda kwake, hawazungumzii karata, wanakaa, wanaondoka. Basi. Mzigo wa kukosekana kwake wanaubeba waliohudhuria. Na kwa kuwa hakuna anayependa kutembea hadi upande wa pili wa makazi kwenye jua la saa nane, kila mtu amejifunza kutuma taarifa mapema.

Hapa ndipo ninapowaomba wanaotaka kuzifunga karata wasikilize kwa makini.

Mtu wa makazi anaweza kupotea akiwa bado yupo. Anaamka, analala, anasubiri. Wapo wanaosubiri hadhi ya ukimbizi, wanaosubiri matibabu, na wanaosubiri safari ya kupelekwa nchi ya tatu. Anayesubiri safari ndiye mgumu kuliko wote kumleta mkekani, kwa sababu moyoni mwake ameshaondoka. Atakwambia, "Mimi si wa hapa tena, ndugu yangu."

Januari 20, mwaka 2025, Rais Donald Trump wa Marekani siku ya kuapishwa kwake alitia saini amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Kule kwao huenda ilikuwa habari ya siku moja. Huku ilikuwa kaya zilizokuwa zimefanyiwa mahojiano na kupimwa afya, baadhi zimeshauza vitanda na mbuzi, zikaambiwa hakuna ndege.

Mwenzetu mmoja, baba wa watoto wanne, alikuwa katika hali hiyo. Alikuwa ameacha karata miezi mitatu kabla, akisema anajiandaa. Baada ya habari hiyo hakuonekana kanisani wala kwenye foleni ya maji. Wawili wetu wakaenda. Walimkuta amekaa kwenye nyumba isiyo na kiti hata kimoja, kwa sababu viti alikuwa ameviuza. Wakakaa chini naye. Wiki iliyofuata wakarudi. Wiki ya tatu akaja mwenyewe Jumatano, hakucheza, akashika daftari la kuandika washindi. Mpaka leo daftari liko mikononi mwake.

Sisemi kwamba karata zilimponya. Nasema kwamba kulikuwa na orodha, jina lake lilikuwemo, na kulikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kugundua kwamba hayupo. Ni ofisi gani katika makazi haya yenye orodha ya namna hiyo? Orodha za mgao tunazo. Lakini orodha ya mgao inamtafuta mtu pale tu anapotaka kupokea kitu.

Na hata hiyo mgao imepungua. Mwezi Aprili mwaka 2020 Mpango wa Chakula Duniani, WFP, ulipunguza mgao wa wakimbizi wa Uganda hadi asilimia 70, na mwezi Februari mwaka 2021 ukashuka hadi asilimia 60. Mwaka 2023 watu walipangwa katika makundi kulingana na mahitaji yao. Mwaka 2025, fedha za wafadhili zilipozidi kukauka, watu wengi zaidi waliondolewa kabisa.

Kila punguzo lilipokuja, niliona mambo mawili. Karata za fedha ziliongezeka chini ya miti na nyuma ya vibanda, kwa sababu mtu mwenye njaa ni mwepesi wa kuamini bahati. Na karata za majirani zilipungua, kwa sababu watu waliona haya kunywa chai ya mwingine. Hizi ni njia mbili zinazokwenda pande mbili tofauti. Kuziita kwa jina moja na kuzifunga kwa amri moja ni kumkata mgonjwa mguu mzima kwa sababu ya kidole.

Ndiyo maana nasema naunga mkono nusu ya hoja. Zile karata za chini ya miti, ambako mtu ameweka rehani simu, blanketi na hata kadi ya mgao, zifungwe leo. Kwa upande wa sheria, Uganda ina Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2016, inayotaka leseni kwa wanaoendesha michezo hiyo na kukataza aliye chini ya miaka 25 kushiriki. Mwezi Januari mwaka 2019 serikali ilitangaza kwamba haitatoa leseni kwa kampuni mpya za kubeti. Wanaolalamikia karata wakifika Mbarara watakuta maduka ya kubeti yamejaa vijana. Sijasikia kikao cha kijiji kikiyajadili.

Wapo watakaosema nimejitetea vya kutosha upande wa fedha, lakini nimesahau muda. Wanauliza, kwa nini wanaume wakae na karata wakati wake zao wako shambani?

Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba kikundi chetu kina wanawake watano, na mchezaji bora katika daftari ni mama mmoja wa Kirundi ambaye hajaosha vikombe tangu mwaka jana. Saa mbili kwa wiki si uvivu. Uvivu ni karata za kila siku, kutwa nzima, za wanaume peke yao. Hizo hata mimi sizitetei.

Kuhusu dini, sina elimu ya kubishana na mashehe au wachungaji. Najua Uislamu umekataza kamari waziwazi, na makanisa mengi yanaikemea. Ndiyo maana punje zetu hazinunuliwi wala haziuzwi. Wako Waislamu na walokole kwenye orodha yetu ambao walikuja kwanza kukagua, wakakagua wiki tatu mfululizo, kisha wakaomba kupewa karata. Wako pia waliokagua wakaondoka, na tunawaheshimu.

Basi viongozi wetu wafanye nini? Napendekeza kwamba kabla ya kufunga mkusanyiko wowote, waulize maswali matatu. Je, kuna fedha au mali mkekani? Je, aliyeshindwa wiki iliyopita yupo leo? Je, watu wa nyumbani kwake wanajua yuko wapi na wanaweza kuja kukaa naye? Swali la pili ndilo muhimu kuliko yote. Mahali ambapo walioshindwa hawaonekani tena, hapo pana kamari hata kama hujaona shilingi.

Pili, viongozi wa makazi watupatie nafasi katika kumbi zilizopo siku ambazo hazina shughuli. Nyumba zetu ni ndogo na vipande vya ardhi vimebana. Mchezo ukichezwa ukumbini, milango wazi, kila mwenye shaka ataingia na kujionea.

Tatu, mashirika yanayotafuta namna ya kuwakutanisha wakimbizi na wenyeji yasije na fulana na mabango. Yaje yakae siku ya Jumatano. Na tafadhali yasituletee posho. Siku mtu wa kwanza atakapolipwa nauli kuja kucheza karata, ndiyo siku karata zitakapokufa.

Nne, na hili ni kwa wenye nyumba wenzangu. Tulijifunza kwa uchungu wakati wa korona. Mwezi Machi mwaka 2020 mikusanyiko ilipigwa marufuku, na amri ya kutotoka nje usiku haikuondolewa hadi Januari mwaka 2022. Tulitii, na ilikuwa lazima tutii. Lakini tuliporudi, kati ya kumi na wawili walirudi watano. Wawili walikuwa wamehamia Mbarara kutafuta kazi, wengine walikuwa wamezoea kukaa peke yao. Ilituchukua zaidi ya mwaka mzima kuijaza orodha tena, mlango kwa mlango. Hao wa Mbarara sasa huja mara moja kwa mwezi, nauli ikipatikana, na majina yao hatujayafuta.

Funzo ni kwamba mkusanyiko wa majirani huvunjika kwa siku moja na hujengwa kwa miaka. Anayetaka kuuvunja kwa tangazo la ubaoni afahamu gharama yake kabla hajabandika tangazo hilo.

Uganda inasifiwa duniani kwa kupokea wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na sifa hiyo inastahili. Kipande cha ardhi tumepewa. Ruhusa ya kutembea na kufanya kazi tumepewa, kwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006. Lakini hakuna sheria inayoweza kumpa mtu jirani wa kuuliza, "Leo mbona fulani hayupo?" Huyo hutafutwa na watu wenyewe, kwa chai ya shilingi mia tano na punje za mahindi.

Kamari zifungwe. Karata za majirani ziachwe, na ikiwezekana zipewe ukumbi. Mwenye shaka na haya niliyoyasema, kikao chetu ni Jumatano saa kumi. Tunaanza hata tukiwa watatu.